Asilimia Sitini ya Liki Zangu

Namba 9, Furnace Rise,
Witherlaw, Durham.
Jumanne asubuhi, mwezi wa tisa.

Kwa Mhariri,
Sauti ya Witherlaw.

Ndugu Mhariri,

"Mtu anayemiliki asilimia arobaini ya ardhi hawezi kuleta mezani zaidi ya asilimia arobaini ya kilichoota juu yake. Bi. Heslop anakaribishwa Jumamosi na liki yake moja na kipande."

Maneno hayo ni ya Bwana Raymond Snaith, katibu wa Klabu ya Liki na jirani yangu wa namba 11. Uliyachapisha Alhamisi iliyopita kwenye ukurasa wa barua, juu ya tangazo la mtu anayeuza kitanda cha mbwa. Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimsomea mume wangu, Neville, naye akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mara ya tatu nilisoma huku kanuni za klabu ziko mkononi. Mara ya nne nilivaa miwani, nikagundua kwamba Bwana Snaith hatanii. Kamati inakaa Ijumaa jioni kuamua kama liki zangu tatu, hivi vitunguu virefu vya shina jeupe, zitapanda kwenye meza ya mashindano au zitarudi jikoni kama vitunguu vya kawaida. Nakuomba basi nafasi ileile, na ikiwezekana mbali na kitanda cha mbwa.

Kwa waliohamia juzi: nyumba yangu ni ya umiliki wa pamoja. Mafungu arobaini katika mia niliyanunua kwa mkopo wa benki. Sitini yamebaki kwa Chama cha Nyumba cha Oakhope, nami nakilipa kodi ya hayo sitini. Bwana Snaith alinunua yake nzima. Matofali ni yaleyale, mwaka ni uleule, na dirisha la bafuni linagoma kufunga kwa mtindo uleule.

Mtaa wetu umejengwa juu ya viwanja vya mboga vya wachimba makaa. Baba yangu, Wilf Teasdale, alilima kiwanja namba 17 kwa miaka thelathini na minne. Alishika nafasi ya pili mara kumi na moja na ya kwanza hakuishika kamwe. Matingatinga yalipokuja, aliondoka na miche yake ndani ya ndoo mbili, na mbegu hiyo hajawahi kumpa mtu ila mimi. Nyumba zilipoanza kuuzwa, tulikwenda naye kwenye matope ya ujenzi. Akahesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa, akasimama, akapiga fimbo chini. "Hapa, Lorna. Tuta langu lilikuwa hapa. Nunua hii." Nikamwambia, Baba, fedha yangu haifiki hata nusu ya nyumba. Akasema, "Basi nunua ile nusu yenye bustani."

Nikainunua. Miaka mitatu ya kwanza liki zilitoka nyembamba kama penseli. Kisha Baba akaniambia nisogeze tuta hadi ubavuni mwa uzio mpya, nazo zikaanza kunenepa. Mwaka huu ni nene kuliko liki yoyote iliyowahi kuota Witherlaw. Bwana Snaith alizichungulia juu ya uzio mwezi uliopita, na nadharia yake ya asilimia ilizaliwa wiki ileile.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kama Oakhope wana sitini katika mia ya liki zangu, walikuwa wapi? Tuta nililichimba mwezi wa kumi na moja kwenye baridi ya kukata masikio. Samadi ya farasi niliibeba mimi kwa toroli. Pombe ya kuzimwagilia liki niliipika mimi, na sitasema ndani yake mna nini maana Bwana Snaith anasoma gazeti hili. Nilimpigia simu afisa wao, Bi. Nasreen Malik, kumjulisha wajibu wake. Akauliza, "Samahani mama, unasema sisi tuna liki?" Nikamwambia ndiyo, tena nyingi kuliko zangu. "Na tuzifanye nini?" Nikamwambia waanze na konokono: kila alfajiri, sita katika kila kumi ni wao. Akauliza kama nitakuwepo nyumbani Jumanne. Anakuja leo kukagua mali ya chama.

2. Bwana Snaith hakusema asilimia ipi. Kila mtu hapa anajua kwamba waamuzi wanapima shina jeupe peke yake. Majani hayapimwi, mizizi haipimwi. Basi kama ni kugawana, tugawane kama watu wanaonunua kondoo pamoja, kila mmoja achague nyama yake. Nachagua mashina meupe yote matatu. Oakhope wachukue majani na mizizi, na udongo uliong'ang'ania mizizi uwe nyongeza.

3. Siku ya pili ya maonyesho, liki zote huchemshwa supu na kijiji kizima hunywa klabuni. Ni nani atashika bakuli la Oakhope? Nikishinda kikombe, kitakaa kwao tangu mwezi wa kwanza hadi mwanzoni mwa mwezi wa nane, na kwangu muda uliobaki. Nitakikuta kimejaa klipu za karatasi. Na Neville akikoroma, anakoroma ndani ya kuta ambazo sehemu kubwa si zetu. Nimewaomba Oakhope kwa maandishi waje wasikilize sehemu yao. Hawajajibu, na sisemi kwamba nawalaumu.

4. Bwana Snaith anasema nyumba yake ni nzima. Lakini alitueleza mwenyewe klabuni, kwenye bia ya tatu, kwamba benki haitamwachia hati mpaka afikishe miaka sabini na mmoja. Kwa hesabu yake basi, liki zake ni za benki. Nitafurahi kumwona meneja wa benki Jumamosi amevaa tai, amesimama nyuma ya meza, anaulizwa alitumia mbolea gani.

5. Ukutani klabuni kuna ubao wa washindi wenye herufi za dhahabu. Hadi mgodi ulipofungwa, kila mtu aliyeandikwa pale aliishi katika nyumba ya mgodi na kulima udongo wa mgodi. Asilimia yao ilikuwa sifuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kupigilia msumari ukutani. Kwa kanuni ya Bwana Snaith, wote hao walikuwa wezi wa mboga na majina yao yafutwe, akiwemo Ezra Snaith, mshindi mara mbili, ambaye ni babu yake mzaa baba. Nimenunua msasa. Niko tayari kuanza na herufi S.

6. Kwa hiyo asilimia ni upuuzi, na nasimamisha kanuni yangu badala yake: mpaka ndio kila kitu. Ukurasa wa kumi na nne wa mkataba wangu unasema kwamba bustani iliyo ndani ya mstari mwekundu ni yangu peke yangu kuitumia, na Oakhope wenyewe hawakanyagi humo bila kubisha hodi. Wachimba makaa nao walikuwa na mipaka yao, na hakuna aliyeuliza asilimia. Kilichoota upande huu wa uzio ni changu. Kilichoota upande ule ni chake. Anayepanda ng'ambo ya mpaka wake amepanda kwa niaba ya jirani, na asije kulia. Na uzio wenyewe hauna shaka. Dhoruba ya mwaka juzi iliuangusha ule wa zamani, na huu mpya aliujenga Bwana Snaith kwa mikono yake, kwa kamba yake. Nilipotoka kumsaidia akanizuia. "Niachie mimi, Lorna. Mwenye nyumba nzima ndiye anayejua mpaka ulipo." Nikamwachia. Alijenga vizuri, nami nauamini uzio huo kuliko ninavyoamini taarifa ya hali ya hewa. Liki zangu zote tatu ziko upande wangu, shubiri moja kutoka kwenye mbao zake.

7. Baba alikuwa wa kwanza kufungua gazeti Alhamisi. Ana miaka themanini na sita na anaishi nasi kwenye chumba cha chini. Suti yake ya maonyesho ilikuwa kwa dobi, na alikuwa amenituma mara mbili kuuliza kama iko tayari. Alisoma barua ya Bwana Snaith hadi mwisho, akalikunja gazeti, akaniuliza, "Kwa hiyo nisivae?" Kwenye namba hii sina la kuongeza.

Sasa nawageukia wanaohusika. Bi. Edna Brack, Bwana Tom Ferens na Bwana Colin Maughan wa kamati: Ijumaa mkikaa, msitazame hati yangu ya nyumba, tazameni uzio. Nanyi wenzangu wenye mafungu hapa Furnace Rise, wenye arobaini, wenye thelathini na tano, na wewe wa namba 22 mwenye robo na paka watano: njooni Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtu na alichokiotesha, hata kama ni kotimiri ya dirishani. Kiwekeni mezani kizima.

Nawasalimu wote ofisini kwako, hasa yule binti wa mapokezi aliyenisaidia kuhesabu maneno. Neville anakusalimu. Baba anakusalimu na anasema chemsha bongo ya wiki iliyopita ilikuwa rahisi mno.

Ni mimi, msomaji wako kwa gazeti zima na kwa bei kamili,

Lorna Heslop (Bi.)

Baada ya kusaini: Ndugu Mhariri, Bi. Malik amekuja na mabuti, ramani ya mtaa na utepe wa kupimia. Nimempa chai. Amezitazama liki, amekiri kwamba ni nzuri, na amesaini karatasi kwamba Oakhope hawadai hata jani moja. Tukashikana mikono. Ilipasa aende zake hapo. Lakini ni mtu wa kazi, akapima bustani. Akapima tena. Akaniomba nishike ncha ya utepe, kisha akageuza ramani kuhakikisha haikuwa juu chini.

Uzio wa Bwana Snaith uko ndani ya ardhi ya Bwana Snaith kwa mita moja na robo. Alijinyang'anya mwenyewe, kwa kamba yake. Tuta langu lote, kila mzizi, liko namba 11.

Nikamwita Baba dirishani nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. "Unadhani kwa nini nilikwambia usogeze? Kiwanja changu kilifika hadi hapo. Nilisema ununue hii, sikusema utakipata chote."

Ningeiandika upya barua hii, lakini unafunga kurasa saa sita mchana na Neville ameshashika funguo za gari. Basi ichapishe ilivyo, ila wasomaji wairuke namba 6. Ubao wa klabu ulikuwa na akili kuliko mimi: liki ni ya aliyeipanda.

Lakini wewe, Raymond, huna ruhusa ya kuiruka. Kwa kanuni yako ya ardhi liki hizi ni zako, kwa kanuni yangu ya mpaka ni zako, na kwa kanuni ya tatu ya klabu, uliyoiandika mwenyewe, mwenye seti mbili za liki tatu tatu katika shindano moja huondolewa na seti zote mbili, nawe yako umeshaiandikisha. Una mpaka Ijumaa jioni kuiandikia kamati mstari mmoja kwamba liki ni ya aliyeipanda. Ukiuandika, Jumapili tutakunywa supu pamoja na uzio tutauhamisha baada ya baridi, nami nitashika kamba. Usipouandika, Jumamosi saa mbili asubuhi fungua mlango wa mbele. Utamkuta Baba kizingitini na suti yake, amekuletea liki zako.