Kamati ya Samaki wa Sebuleni

Wananchi wa kata yetu ndogo, kule milimani kupita Nyamache, walijulishwa rasmi mwaka wa 1974 kwamba maendeleo yamefika, tena yamefika na mapezi. Barua ya serikali, kwa Kiswahili safi, ilimtaka kila naibu chifu awe mfano wa kufuga samaki nyumbani.

Naibu chifu Machogu aliisoma mara tatu, kisha akampa mkewe Nyamoita. Huyu alikuwa amefika darasa la tatu, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mtaalamu wa lugha wa kata nzima.

"Mama Momanyi, nyumbani ni wapi?"

Nyamoita hakuhitaji kufikiri. Kwa Kigusii, enyomba ni nyumba yenyewe, kuta na paa. Boma lote ni inka.

"Ni ndani ya nyumba," alisema. "Chini ya mabati."

Mtu mwingine angeenda kumuuliza mwalimu. Lakini Nyamoita alikuwa ameteuliwa na mumewe Katibu wa Kamati ya Samaki dakika hiyo hiyo, na Katibu haulizi, huulizwa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kiti cha chifu kilikuwa wazi, na Bwana DO, mkuu wa tarafa, angepita kukagua samaki wa kila naibu kabla ya kupendekeza jina. Nyamoita alikwisha kujaribu, peke yake jikoni, namna mke wa chifu anavyoketi barazani.

Kikao cha kwanza kilijadili ni nyumba ipi. Sebule ya Nyamoita ilikuwa na viti sita, kila kiti na kitambaa alichokifuma mwenyewe. Katibu alishauri, Mwenyekiti, yaani Machogu, akaafiki, na wajumbe wote wawili wakapitisha kwa kauli moja kwamba maendeleo ya taifa yaanzie kwa mtoto wao Momanyi. Momanyi alikuwa kazini Nakuru. Katika nyumba yake, karibu na lango, alikaa mkewe Gesare.

"Mama," Gesare aliuliza, "na wageni wangu wataketi wapi?"

"Ukingoni mwa bwawa. Fundi ataulainisha."

Fundi Onyancha akachimba sakafu, akapiga saruji, na juu ya meza akaunda sanduku la vioo vya dirisha kwa ajili ya samaki wadogo. Wa kujaza humo walikuja na Ogada, mchuuzi kutoka pande za ziwani, wakiwa hai ndani ya debe.

"Mama, hawa nimewauza miaka mingi," Ogada alisema, "lakini leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa kama wana tabia nzuri ya kuishi na watu."

Kazi yote hiyo Machogu aliisimamia kutoka nje, kwa kupiga kelele dirishani. Mzee wa Kigusii haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, na kila mtu anaijua. Ndiyo maana Katibu hakuona haja ya kuiandika popote.

Bwana DO, mtu wa pwani, akafika. Akaingia, akaangalia bwawa, akaangalia sanduku, akakohoa.

"Bwana Machogu, ingia unieleze."

Machogu alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi hueleza vizuri zaidi nikiwa hapa nje, bwana."

"Humu kwenye kioo mna samaki wangapi?"

"Wa kutosha, bwana."

"Umewahi kuwaona?"

"Nimewasoma. Kwenye ripoti."

Gesare aliinamisha macho. "Tata, baba mkwe wangu, hawezi kuingia hapa, bwana. Ni nyumba ya mwanawe."

"Sasa nani aliwaambia muwaweke ndani? Nyumbani ni hapa kwenu! Uani, bondeni, popote!"

Watu wote wakamgeukia Katibu. Katibu alikuwa akikagua mabati, moja baada ya jingine.

Hapo mwenye akili angesema tumekosea, akachimba shimo bondeni, yakaisha. Machogu aliingiza kichwa dirishani. Kichwa si mtu mzima.

"Tulielewa, bwana! Nje kila mtu ataweka. Sisi tulichagua ndani makusudi, kitaalamu!"

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa!"

"Vizuri sana." Bwana DO alitoa kalamu. "Lakini mfano ambao mwenyewe haufikii si mfano. Wewe huingia nyumba gani?"

Machogu alirudisha kichwa nje. Gesare akajibu kwa sauti ya upole ambayo Nyamoita hakuwahi kuisikia tangu amuozeshe mwanawe.

"Ile ya juu, ya Mama, bwana. Sebule yake ni kubwa kuliko hii."

"Katibu, andika: wahamishwe huko."

Nyamoita akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa darasa la tatu, na hakukosea hata herufi moja.

Mwezi ulipokwisha, viti sita vilikuwa vimebanwa ukutani, vitambaa vinanuka shombo, na Nyamoita anapita pembeni mwa bwawa kwa ubavu kama kaa. Ndipo barua ikaja. Aliisoma taratibu, neno kwa neno. Chifu mpya ni naibu wa kata ndogo jirani. Bwana Machogu alifikiriwa, ila chifu hukaa makao makuu ya kata, na Bwana Machogu hawezi kuhamishwa, kwa kuwa ana samaki wa serikali sebuleni.

Nyamoita alicheka mpaka akaketi ukingoni, miguu majini.

"Inasema nini?" Machogu aliuliza kutoka chumbani.

"Inasema sisi ni watu muhimu mno, Baba Momanyi. Hatuwezi kutolewa hapa."