Ukoko wa Birika la Mama Dorca

Opondo, ambaye kijiwe cha Kibuye humwita Spika kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, aliinua simu yake juu.

"Sikieni hii. Kiwanda fulani ya sukari imefunga wiki nzima. Trekta za miwa zimepanga laini mpaka barabarani. Eti ukoko imeshika paipu."

"Ukoko wa ugali?" aliuliza Yahya, muuza mitumba.

Mzee Joram aliweka fimbo chini. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikwangua mabomba ya kiwanda upande wa Muhoroni, na kijiwe hakikuwahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Walimwita Boila kwa kumcheka, na jina hilo lilimuuma. Leo zamu yake ilikuwa imefika.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi nilifanya. Maji ya miwa iko upande moja ya paipu, mvuke iko upande ingine. Ukoko ikishika, moto haipiti. Utachoma msitu mzima na miwa iko tu vuguvugu."

"Ukoko nyembamba hivyo izuie moto? Jaduong', mzee wetu, unatucheza," alisema Spika.

"Jipake mafuta juu ya koti, tuone kama ngozi italainika."

Wakacheka. Joram akakasirika, akaiokota fimbo na kuielekeza kwenye birika la Mama Dorca, mwenye kibanda cha chai. Lilikuwa jikoni tangu saa kumi na mbili, sasa ni saa moja na robo, na chai bado.

"Nyinyi mnangojanga nini hapa kila asubuhi? Hiyo birika imekunywa maji ya kisima miaka kumi. Mama, funua."

Dorca akafunua. Ndani palikuwa peupe kama ukuta wa chokaa, na nafasi iliyobaki ilitosha vikombe vitano.

"Hiyo ndiyo inaleta ladha," alisema Spika.

"Ladha inanimalizia makaa," alisema Dorca. "Gunia haifiki Jumatano. Ikiendelea hivi nafunga hii kibanda, naenda Port Victoria kuuza omena ya ziwa. Mzee, kwangua."

Joram alikamulia humo ndimu zote za kibandani, akangoja, kisha akakwangua kwa mpini wa mwiko huku jasho la furaha likimtiririka. Ukoko ulitoka vipande vipande. Ndani ya kipande cha tatu kulikuwa na kijiko.

Yahya akasimama polepole. "Hicho ndicho kijiko mlisema niliiba wakati wa korona."

Spika akamsogezea bakuli la sukari.

"Miaka yote hiyo nakoroga chai na kalamu," alisema Yahya, akakitia kijiko mfukoni.

Birika likarudi jikoni. Joram akakohoa, aanze kisa cha siku alipokwama ndani ya tangi, kisa kinachotaka saa nzima kikitendewa haki.

"Sasa, mwaka huo, meneja akaniita..."

Chai ikafoka. Wakamiminiwa, wakanywa, vikombe vikakauka meneja hata hajafungua mdomo.

"Mzee, wewe ni injinia kabisa," alisema Spika, akaenda kufungua duka lake saa mbili kamili kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Yahya akamfuata. Joram akabaki kwenye benchi na uinjinia wake, hana hata mtu wa kumsimulia.

Kesho yake asubuhi Dorca alimkuta kibandani na jerikeni.

"Nini hiyo, mzee?"

"Maji ya kisima. Ile ya chumvi mingi, ukoko irudi haraka."

"Na makaa yangu?"

Joram akaangalia benchi tupu.

"Makaa nitakuwa naleta mimi."