Kikosi cha Kupumzika cha Stari Porat

Kwa manufaa ya wananchi wote, na baada ya mashauriano ya kina baina yake na nafsi yake, Meya Vinko Pavlinić alitangaza kwamba katika mji mkongwe wa Stari Porat kupumzika sasa ni shughuli rasmi ya manispaa. Itafanyika bandarini, siku za meli ya watalii, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Asiye na sare haruhusiwi kupumzika.

Sababu ilikuwa nzito. Kampuni ya meli ililalamika kwamba wageni hushuka kisiwani kutafuta fjaka, ule ulegevu mtamu wa mchana uliowapa watu wa pwani hii sifa, lakini huambulia kukutana na wageni wenzao tu. Mwakilishi wake, Bwana Halvorsen, angekuja kukagua. Asiporidhika, meli ingehamia kisiwa jirani.

Mzigo ukamwangukia Nevenka, karani wa mkataba, binti mpole ambaye paka akimkalia kiti humwachia. Meya alimweleza waziwazi: wapumzikaji wakifanya vizuri, atapata ajira ya kudumu, wakiboronga, afungashe virago arudi kwao akachume zeituni.

Nevenka alijua pa kuanzia. Mzee Jerko, tangu alipostaafu, hakuwahi kunyanyuka kwenye benchi la gatini ila kwa mazishi. Akamvisha fulana ya mistari, akamwomba aendelee kama kawaida.

"Kama kawaida vipi, mwanangu?"

"Ukae tu, Mzee. Usifanye kitu."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya Meya."

Mzee Jerko alitafakari. Kisha akainuka, akaenda kupaka rangi boti lake, kazi ambayo marehemu mkewe alimsihi aifanye mpaka akachoka. Alisema hajawahi kumtumikia Pavlinić, na hawezi kuanza uzeeni kwa kukaa.

Ugonjwa ukaenea. Bi Dobrila, aliyekuwa akishinda mlangoni akiwateta wapita njia, aliona haya kukaa kwa malipo ya serikali, akaanza kusugua ngazi. Waliokuwa wakicheza karata wakapanda paa la kanisa kurudishia vigae. Bomba la uwanjani, lililovuja muhula baada ya muhula, lilizibwa kabla ya adhuhuri. Bwana Halvorsen aliposhuka, mji mzima ulikuwa ukilia nyundo, na Nevenka akikimbia huku na huko akiwabembeleza watu walegee hata kidogo, asije akafukuzwa.

Bi Dobrila alimpapasa shavu kwa mkono wenye povu. "Tungekusaidia, mwanangu. Lakini si unaona tuko kazini?"

Bwana Halvorsen alitikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa kabla ya kurudi melini. Maji baridi yalipatikana ofisi ya Meya peke yake. Nevenka akampandisha ngazi, machozi yakimlengalenga, akasukuma mlango.

Meya alikuwa amelala kitini, viatu pembeni, sahani ya miiba ya samaki kifuani, mdomo wazi. Nzi alitembea juu ya nyusi yake kwa utulivu wa mtumishi wa siku nyingi. Naibu wake alikumbatia mafaili. Mweka hazina alikoroma akiwa wima, ameegemea kabati.

Bwana Halvorsen alivua kofia. "Hii ni halisi?" akanong'ona.

Nevenka hakuzoea kusema uongo. "Kila siku, bwana."

"Wamefanya mazoezi muda gani?"

"Wako muhula wa tatu."

Jioni ile Meya alitia saini mkataba na kampuni ya meli bila kuusoma, kwa kuwa kusoma kungemchosha. Nevenka akapata ajira ya kudumu na cheo cha Msimamizi Mkuu wa Mapumziko.

Siku hizi meli ikitia nanga, foleni ya wageni huanzia gatini ikapanda ngazi mpaka mlango wa Meya. Naye hukaa ndani ya fulana ya mistari, macho makavu, usingizi umemkimbia kabisa. Tangu alazimishwe kulala ameshikwa na hamu ya kazi isiyo na dawa.

"Nevenka, mwanangu," alimwomba juzi, sauti ikitetemeka, "niruhusu nishughulikie hata faili moja. Dogo tu."

Nevenka alimhurumia kwa dhati. Alimwekea mto nyuma ya shingo.

"Pole, mkuu. Utafanya kazi saa kumi, ofisi ikishafungwa. Sasa fumba macho, na mdomo uufungue kidogo. Wageni wameshalipa."