Kitabu cha Daraja Kimemnyamazisha Babu

Alhamisi, 14 Machi. Asubuhi ya manyunyu, mawingu mazito upande wa mtoni. Sikuanika nguo.

Kwa Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Historia vya Watoto,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mshonaji, mwenye akili timamu na kidato cha nne. Nakuandikia kwa heshima kukuomba ukiondoe madukani kitabu chenu cha historia ya daraja la mji wetu, au angalau mkiharibu kidogo, kiwe kama vile tulivyosomeshwa sisi, ambavyo mtoto akivifungua tu usingizi humchukua.

Hapa nyumbani yupo mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na miwili, ambaye siku hizi tunamwita Mpelelezi. Yupo pia babu yake, mume wangu, fundi wa vyuma aliyefunga bolti za daraja hilo ujanani. Miaka yote ya ndoa yetu amesimulia jinsi alivyokuwa mtu wa kwanza kulivuka, siku moja kabla ya ufunguzi, mvua ikinyesha kama imetumwa, baiskeli kichwani. Jumapili anatimiza miaka themanini, na ukoo mzima unakuja kumsikiliza. Lakini tangu kitabu chenu kiingie humu, hasimulii tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu kinavutia kupita kiasi. Hakianzi na tarehe wala jina la mkubwa yeyote. Kinaanza na mpishi wa kambi ya mafundi akitafuta sufuria yake iliyosombwa na mto. Mtoto anayetaka kujua kama sufuria ilipatikana hushtukia amefika ukurasa wa ishirini, na ameshajifunza jinsi nguzo za daraja zinavyozamishwa. Huo ni mtego. Mjukuu wangu aliachiwa maharage ayaangalie. Tulikula mkate mtupu.

2. Mwandishi wenu, mtu mzima aliyesoma, anaandika bila haya: "Hapa hatujui." Penye mashahidi wawili wasiokubaliana, anawaweka wote wawili. Chini ya mchoro mmoja ameeleza kwamba rangi ya shati la mpishi imekisiwa tu. Nani alimuuliza? Watu wazima wakianza kusema hawajui, sisi wengine tutaishije na watoto?

3. Mwishoni kuna orodha ya waliohojiwa, na maelezo ya jinsi kila jambo lilivyojulikana. Kwa sababu hiyo mjukuu wangu amekata vikaratasi vya aina tatu, "Inajulikana", "Inasemekana" na "Hatujui", na anavibandika kila mahali. Picha yetu ya arusi imepata "Inajulikana". Mjomba wake alipoeleza kwa nini alichelewa kurudi kutoka kazini, alibandikwa "Inasemekana" mgongoni. Shangazi yake alijisifu kwamba enzi zake alikuwa wa kwanza darasani, akaulizwa kwa adabu zote, "Shangazi, nani mwingine alikuwepo?" Shangazi hajatutembelea tena.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ukurasa wa 31 unasema siku ile jua lilikuwa kali, na aliyevuka kwanza ni mpishi, akimfukuza mbuzi. Mtoto akamwendea babu yake, kitabu mkononi. "Babu, sikubishii. Nataka tu kujua umejuaje kama ulikuwa wa kwanza."

"Nilikuwepo."

"Na mpishi pia alikuwepo, Babu."

Mume wangu alitazama viatu vyake, akasema, "Basi kiulizeni kitabu," akatoka akakaa uani. Tangu hapo akiombwa hadithi anasema koo linamuuma. Mtoto naye analia chini ya shuka. Hakutaka kumshinda babu yake. Alitaka kumwongeza kwenye ile orodha ya mashahidi.

Najua njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wangu ilikuwa imeshatufikisha hadi wajukuu. Kwa hiyo katika toleo lijalo mwondoeni mbuzi, leteni mvua, na semeni kila kitu kwa uhakika.

Nisalimie mwandishi, mchoraji aliyekisia shati, wapiga chapa wote na mlinzi wa getini.

Ni mimi, mtafuta amani ya nyumba,
Bibi yake Mpelelezi

Tanbihi, jioni: Nilikuwa sijaifunga bahasha, Babu akaingia sebuleni bila kuitwa, akamwambia mtoto achukue kalamu.

"Andika. Jua lilikuwa kali. Wa kwanza mbuzi, wa pili mpishi, wa tatu mimi. Baiskeli sikuwa nayo. Nilishika shati la mpishi kwa nyuma, macho nimefumba, maana bolti za katikati nilifunga mimi, na ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini."

"Nani mwingine anajua, Babu?"

"Mpishi si yuko hai? Kamuulize shati lake lilichanikia wapi. Tena lilikuwa la kijani."

"Macho si ulikuwa umefumba?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hadithi ya mvua na baiskeli nimeisikia miaka yote nikiwa nashona, bila kuinua kichwa. Hii ya leo, sindano ilisimama.

Kwa hiyo mbuzi abaki. Tafadhali tuleteeni nakala mbili kabla ya Jumapili, yetu imeshachakaa. Ukurasa wa 31 ongezeni mtu wa tatu. Kuhusu shati la kijani, andikeni "Inasemekana".

Mvua imeanza, hili nimelishuhudia mwenyewe. Nalala saa tano na robo.