Daktari wa Uswisi na Miguu ya Mzee Malimi

Chenge alinunua karanga pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, akazila zote, kisha akafanya jambo ambalo walaji wachache wa karanga hulifanya: akaisoma karatasi iliyozifunga.

Ulikuwa ukurasa wa kijitabu cha zamani cha wamisheni. Tabibu mmoja wa Ulaya, aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, alikuwa amemwandikia bwana mkubwa mzee aliyeishi ng'ambo ya milima. "Sijakuona kwa macho," aliandika, "lakini barua yako imenionyesha jinsi miguu yako ilivyovimba." Kisha yakafuata maagizo: jioni ale kidogo, nyama aiogope, atembee kabla jua halijawa kali, miguu isuguliwe mafuta asubuhi na jioni, na mtu yeyote asimkasirishe.

Chenge akalamba chumvi vidoleni. Kutibu bila kumwona mgonjwa! Huna sindano, huna duka la dawa, huna hata kiti. Katika miaka yake arobaini alikwisha kuuza saa zisizotembea, mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, na viwanja vilivyokuwa ndani ya ziwa. Lakini bidhaa nyepesi namna hii hajapata kuishika.

Na wakati ulikuwa wake. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na mjini Mwanza kila mtu alikuwa wakala wa kitu fulani. Hospitali nazo zilikuwa zimeanza kumwambia mgonjwa aje na daftari lake, sindano yake na glovu za kumvisha daktari. Mzee mwenye mali na miguu mibovu angekimbilia wapi?

Mzee huyo alikuwepo Magu. Aliitwa Malimi, mwenye ng'ombe sitini na pikapu moja aina ya Pijo, ambayo aliifungia bandani ili isile mafuta. Ubahili wake ulikuwa wa kutambikiwa. Watoto wake walikuwa wote Dar es Salaam, na wakija kumsalimia walikuja na chumvi yao.

Chenge akafika amevaa tai, mkononi ana barua iliyopigwa chapa na kugongwa mihuri mitatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, baba. Nimetumwa."

"Waliotumwa ndio huuza ghali."

Chenge akacheka kwa adabu, akasoma. Daktari Baltazari wa Uswisi, bingwa wa wazee wa dunia nzima, alikuwa amesikia habari za miguu ya Mzee Malimi hukohuko kwenye theluji, na maagizo yake yalikuwa yaleyale ya karatasi ya karanga. Mzee alisikiliza amefumba macho. Mwisho akafumbua moja.

"Anataka nini?"

"Fedha hagusi, baba. Hupokea zawadi ya kumbukumbu tu. Mgonjwa wake wa Italia alimpa farasi."

"Mimi sina farasi."

Chenge akatazama bandani. "Kitu chenye magurudumu nacho humfurahisha."

Mzee akakuna goti muda mrefu. "Kwetu mganga hulipwa mgonjwa akisimama. Nikipona, chukua pikapu. Nisipopona, chukua njia."

Chenge akapima. Mzee alikuwa anachechemea tu, hafi leo wala kesho. Pikapu ile ingeweza kubeba sangara kutoka mwaloni hadi viwandani, na yeye akawa tajiri anayeheshimika. Hapo ulimi wake ukamtangulia. Alikumbuka ng'ombe sitini, akaona maziwa, akaona nyama.

"Na daktari ameagiza," akasema, "wakala aishi na mgonjwa, ale naye sahani moja."

"Kama ameagiza," Mzee akasema, "mimi ni nani?"

Jioni ikaletwa sahani moja. Ilikuwa na mlenda na ugali wa kushika kwa vidole viwili.

"Nyama?" Chenge akauliza.

"Niiogope. Au nimesikia vibaya?"

Maisha ya utabibu yakaanza. Asubuhi Chenge alimtembeza Mzee hadi barabarani, yeye akiwa amebeba kigoda. Wakirudi alimsugua miguu kwa samli ambayo hakuruhusiwa kuilamba. Mchana walicheza bao, na kwa kuwa mgonjwa hakutakiwa kukasirishwa, Chenge alishindwa kila siku. Kushindwa na mtu anayeiba kete mchana kweupe, kisha umpongeze, ni kazi ambayo vyuo vya uganga bado havijaifundisha.

Mwezi wa nne Mzee alikuwa anatangulia njiani na kusimama kumsubiri tabibu. Mwezi wa sita alipanda juu ya paa kugongelea bati.

"Baba, naona umepona!" Chenge akaita kutoka chini.

"Mwenye mguu nani?"

"Wewe, baba."

"Basi nikipona nitakuwa wa kwanza kujua. Nipe msumari."

Mwezi wa nane suruali ya Chenge ilikuwa inashikiliwa na kamba. Akaamua liwalo na liwe: Mzee aaibishwe mbele za watu. Akaenda mwenyewe kumwita Kashindye, mpwa wa Mzee na kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aje na wenzake washuhudie. Wakaja kumi na wawili, wakaketi na pinde zao magotini.

Chenge akasimama, akahutubia. Aliwaonyesha miguu ya Mzee, mikavu na mizuri kama ya swala. Akawakumbusha ahadi. Sungusungu wakanung'unika kwamba ahadi ni deni.

"Ni kweli," Mzee akasema. "Ila nimeogopa kuamua peke yangu, nikamwandikia daktari mwenyewe. Jibu hili hapa. Soma, bwana wakala. Uandishi wake unaujua wewe."

Chenge akasoma, sauti ikipungua kila mstari.

"Mzee Malimi, sijakuona kwa macho, lakini barua yako imenionyesha jinsi miguu yako inavyopendeza. Hata hivyo, bado hujapona. Uzee ukiachwa hurudi. Wakala wangu akusugue miaka mitatu zaidi. Pikapu isitoke bandani, moshi wake ni mbaya kwa wazee. Mtu akiidai kabla ya hapo, huyo si wakala wangu, ni tapeli. Mkabidhi kwa walinzi wa kijiji. Ndimi Baltazari, Uswisi."

Kashindye akaichukua bahasha, akaigeuzageuza.

"Mjomba, stempu hii ina twiga. Na mhuri ni wa posta ya Magu."

Watu kumi na wawili wakamtazama Chenge. Kusema barua ni ya uongo kulimtaka aeleze kwanza amejuaje. Na kueleza amejuaje kulimtaka aeleze habari za Baltazari tangu karanga.

"Bwana wakala," Mzee akauliza kwa upole, "huko Uswisi kuna twiga?"

Chenge akaitazama pikapu. Akaitazama barabara iendayo Mwanza. Akazitazama nyuzi za pinde, jinsi zilivyokazwa vizuri.

"Wapo wengi," akasema. "Wanachungwa pamoja na ng'ombe."