Kompyuta Iliyoshonwa

Telesfori alisikia habari za Séverine akiwa amekaa kwenye benchi la Masunga, fundi redio wa Makanyagio, mjini Mpanda, akisubiri mtu yeyote mwenye uwezo apite.

Masunga hakuwa na ubaya. Alikuwa tu na mdomo usiotulia kama redio alizotengeneza. Alisema yupo mama mmoja mtaa wa nyuma ambaye nchi za watu anazijua kama njia ya kisimani. Wiki hii yupo Kalemie kule Zaire, wiki ijayo Bujumbura, mwezi ukiisha yupo Mpulungu kwa Wazambia. Anafuata vitenge. Alikuwa na daftari lake lenye siku za meli, majina ya wateja na bei za kila bandari, na juzi daftari hilo lilianguka ziwani kule Karema. Tangu hapo mama wa watu hana raha.

Telesfori aliweka chini kikombe cha chai.

"Na anasoma?" aliuliza.

"Anasoma kukuzidi wewe."

Telesfori hakukasirika. Mtu wa kazi yake akikasirika anapoteza siku. Alishukuru kwa chai, akasahau kuilipia, akaenda gesti kuchukua mkoba wake.

Inafaa tuueleze mkoba huo, maana ndani yake ndimo maisha ya Telesfori yalimokaa. Kulikuwa na kompyuta tatu za mkononi. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya kukunja, ukubwa wa kitabu cha sala, na hiyo ilikuwa nzima kabisa. Ukiifungua ilikuwa na kioo juu na vitufe vya herufi chini, inawaka, inahesabu, inatunza majina. Aliipata Dar es Salaam kwa njia ambayo hapendi kuulizwa. Ya pili ilikuwa pacha wake kwa sura, gamba tupu alilouziwa na fundi mmoja, likajazwa mchanga na kubanwa kwa gundi. Ya tatu ilikuwa ya kuandikia kwa kijiti juu ya kioo. Iliharibika zamani, lakini ilikuwa nzuri kutazama.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja anaona ile nzima ikiwaka. Anaipenda, wanakubaliana bei. Telesfori anaifunga kwenye gazeti kwa heshima zote, na katika kufunga, ile nzima inarudi mkobani na pacha wa mchanga anakwenda kwa mnunuzi. Alifanya hivyo Tabora na Kigoma, na kila mara alitengenezewa pacha mwingine. Mchanga haukuwa tatizo, nchi ina mchanga wa kutosha. Ila ile nzima ilikuwa moja tu. Bila hiyo Telesfori hakuwa Injinia, kama alivyopenda kujiita. Alikuwa mwanamume mwenye mkoba.

Alimkuta Séverine uani, amekaa kwenye mkeka, anashona robota la vitenge kwa sindano kubwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nyumbani kwao walisema Kirundi, na Kiswahili chake kilitembea taratibu kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

Telesfori alimwamkia mpaka chini. Alijitambulisha kuwa ni Injinia wa vyombo vya wasafiri. Alisema kule Ulaya hakuna mfanyabiashara anayevuka mpaka na daftari, wote wameacha. Wakiona mtu ana daftari wanamwonea huruma.

"Kaa, mwanangu," Séverine alisema. "Huruma yao nimeipokea. Nionyeshe."

Alianza na ile ya kijiti kwa sababu ndiyo aliyotaka ikataliwe. Séverine aliigeuza, akakivuta kijiti, akakitazama.

"Hiki kikianguka ziwani nitaandika na nini?"

"Unanunua kingine, mama."

"Kalemie kuna duka la vijiti?"

Telesfori alikubali kuwa Kalemie pengine hakuna. Akasema pia kwamba chombo hicho kinataka chaji ya ukutani. Séverine alitazama ukuta wake, ambao haukuwa na kitu zaidi ya kalenda ya parokia, akarudisha chombo.

Ndipo Telesfori akaitoa ile nzima. Aliifungua polepole, kama padri anavyofungua Injili, akabonyeza. Kioo kikaonyesha maandishi. Séverine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Lakini hakushangaa kwa muda mrefu. Akaanza maswali, na maswali yake hayakuwa ya mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza. Inakula betri gani? Betri mbili ndogo, zile za kawaida, hata kwa Wazambia zipo. Zinakaa muda gani? Wiki nyingi. Jua likiwaka juu ya maji, kioo kinaonekana? Waliitoa kivulini wakaijaribu juani, kikaonekana ukiinamisha kidogo. Afisa wa forodha akiikuta, si atasema ni redio ya mawasiliano, anifunge? Telesfori aliikunja na kuiweka juu ya kitabu cha nyimbo za kanisa cha Séverine, kilichokuwa mkekani. Vililingana ukubwa. Séverine alicheka kwa mara ya kwanza.

Akataka kuona saa. Injinia alieleza kwa majivuno kwamba chombo kinajua saa ya Mpanda na saa ya Kalemie kwa pamoja, kwamba wale wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja.

"Imeandika kumi na nne," Séverine alisema. "Hiyo ni saa gani?"

"Saa nane mchana, mama."

"Basi haijui saa. Inajua saa za kizungu. Hiyo nitaihesabu mwenyewe, si kitu."

Mwisho akamwambia abadilishe kwacha kuwa faranga. Telesfori alibonyeza, jibu likatoka. Séverine alisema si kweli, wiki mbili zilizopita yeye mwenyewe alibadilisha Mpulungu na hakupata hivyo. Telesfori akaeleza kwamba lazima kwanza uiambie bei ya siku hiyo, ndiyo ipige hesabu.

"Kumbe inajua ninachoijulisha mimi."

"Kama mke mwema, mama."

"Mimi nimekuwa mke miaka thelathini. Sema kama daftari, lakini lisilolowa. Unataka nini?"

Telesfori alitaka doti arobaini za vitenge vya Zaire, robota zima. Séverine akasema sita. Hapo, muuzaji yeyote wa Mpanda angeshika kichwa, angetaja watoto wake, angefunga mkoba na kufika mpaka mlangoni. Telesfori alisema thelathini. Séverine akasema sita. Telesfori akasema kumi na tano. Séverine akasema sita, na akaanza kutafuta uzi wake kama mazungumzo yamemchosha. Telesfori akasema basi sita, kwa ajili ya kufahamiana.

Na kwa nini asikubali? Moyoni alikuwa anauza kopo la mchanga. Kwa mchanga wa Mpanda, doti sita za vitenge vya wax ni biashara ambayo hata serikali haijawahi kuifanya.

Séverine alimtazama juu ya miwani kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamwambia alete chombo.

Telesfori alinyoosha mkono kuchukua gazeti. Séverine akamzuia. Akasema kwake hakuna kitu kinachovuka kizingiti bila kushonwa. Alieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni choo kilipo. Wanawake wote wanaovuka ziwa hufanya hivyo, kwa sababu ya makuli wa Karema, ambao wanaweza kutoa mzigo ndani ya mzigo huku unawatazama. Kitu kikikubaliwa bei kinashonwa hapo hapo ndani ya kitambaa cha amerikani, mnunuzi na muuzaji wakiona. Malipo yanafuata. Kila mwanamke ana mshono wake, na wake yeye unajulikana mpaka Bujumbura, nyuzi mbili zinazopishana na fundo la kuzama. Ukifumuliwa na kurudishwa na mtu mwingine, hata kuli mlevi anaona.

Kompyuta ya Telesfori, ile moja, ilikuwa tayari juu ya mapaja ya mama huyu na kipande cha amerikani kinakunjwa pembeni yake. Ikishonwa hapo na kubaki hapo, kesho yeye ni mwanamume mwenye mkoba.

Lakini hakuitwa Injinia bure.

"Mama," alisema, "mimi mwenyewe naondoka na treni ya leo, na treni ina wezi wengi kuliko Karema. Ninayo nyingine kama hii hii, ya Padre mmoja wa Tabora. Nishonee na hiyo, Mungu atakulipa."

Akatoa pacha wa mchanga, akampa kwa mikono miwili. Séverine aliipokea kwa mkono mmoja, akaipima juu chini mara moja kama anavyopima maharage, akaiweka pajani na mwenzake.

"Ya Padre lazima ishonwe," alisema. "Ila macho yangu, mwanangu. Nitilie uzi."

Sindano ilikuwa kubwa lakini tundu lake lilikuwa dogo, na uzi wa nailoni ulikuwa umechanika ncha. Telesfori aliulamba, akakosa tundu, akaulamba tena, akageukia kwenye mwanga. Mtu aliyepofusha macho ya nusu ya wafanyabiashara wa Kigoma alifumba jicho moja na kuhangaika na tundu kwa muda ambao ungetosha kuchemsha yai. Alipogeuka, kila kompyuta ilikuwa imekwisha kukunjwa ndani ya kitambaa chake. Séverine alichukua sindano, akashukuru, akashona ya kwanza, akashona ya pili. Vilikuwa vifurushi viwili vinavyofanana kama mayai ya kuku mmoja.

"Hiki cha kulia changu," Séverine alisema akiviweka kwenye mkeka. "Cha kushoto cha Padre. Ngoja nikuletee doti zako."

Akaingia ndani. Pazia likashuka nyuma yake.

Telesfori alikaa na vifurushi viwili na jogoo mmoja. Hakuamini bahati yake. Alihesabu mpaka tatu, akakohoa ili kufunika sauti ambayo haikuwepo, akakiweka cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Kisha akakaa kwa adabu, mikono juu ya magoti, akimtazama jogoo kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Séverine alichelewa. Alisikika akifungua sanduku, akilifunga, akilifungua tena. Alipotoka alikuwa na doti sita, na vilikuwa vitenge vya kweli, vizito, vyenye harufu ya duka. Alitazama mkeka, akainama, akachukua kifurushi cha kulia, akakikumbatia. Telesfori akachukua cha kushoto. Waliagana vizuri sana. Séverine alimpa hata karanga za safari, akamwombea safari njema kwa Kirundi, jambo ambalo hamfanyii kila mtu.

Treni ilipopita mto Ugalla, jua lilikuwa bado halijazama. Mbele ya Telesfori alikuwa amekaa mzee mmoja mfanyabiashara wa asali, mwenye koti na kalamu mbili mfukoni. Mtu wa kalamu mbili. Telesfori alisikia kazi ikimwita. Alianza kueleza habari za Ulaya na madaftari, akachomoa kisu, akakata fundo la Séverine, akafungua amerikani taratibu ili mzee apate hamu.

Alishika kifuniko. Kifuniko hakikufunguka. Akavuta. Gundi ikakatika, na mchanga laini ukamwagika juu ya suruali yake, ukaendelea kumwagika kwa muda, kwa sababu alikuwa ameujaza mwenyewe na hakuwa mchoyo.

Mzee wa asali alitazama mchanga, akamtazama Telesfori.

"Na hii inatumia betri ngapi?" aliuliza.

Telesfori alifikiria polisi wa stesheni ya Kaliua. Alijaribu kutunga maelezo yake, yeye aliyekuwa bingwa wa maelezo, na hakuweza kupita mstari wa kwanza. Afande, nilimuuzia mtu chombo kwa doti sita, akanilipa doti sita, akachukua chombo. Hata ukisema mara mbili haigeuki kuwa kosa.

Siku tatu baadaye Séverine alikuwa Karema, amekaa juu ya robota lake, akisubiri boti pamoja na mwenzake Dorotea, ambaye wamevuka naye ziwa miaka mingi. Dorotea alikuwa ameishika kompyuta, anaandika jina lake, analifuta, anaandika tena. Alikuwa amesikia habari yote na bado alikuwa na maswali.

Alitaka kujua kwanza mwenzake alivyomgundua Injinia. Séverine alisema ni bei. Mtu asiyeumia kushuka kutoka arobaini mpaka sita hauzi kile unachokiona. Halafu ile ya Padre ilicheza ndani alipoipima mkononi, na mashine hazichezi ndani. Kwa hiyo wakati Injinia anapigana na tundu la sindano, aliweka ya mchanga kwenye kitambaa chake mwenyewe, na ile nzima kwenye kitambaa cha Padre.

"Sasa kama asingevigusa?" Dorotea aliuliza. "Angekwenda na nzima yake na vitenge vyako, na wewe ungevuka na mchanga."

"Mafundo ya vifurushi niliyaelekeza pande tofauti, moja kwa jogoo, moja kwa mlango. Nikitoka ningeona kama vimehamishwa. Kama angekuwa ameviacha, ningesema nimeshona vibaya, ningevifumua vyote viwili mbele yake na kumwomba radhi. Kisha ningemlipa zaidi ya sita, Dorotea. Ni chombo kizuri."

"Ndiyo maana ukakaa ndani muda wote huo."

"Nililifunga lile sanduku mara tatu. Nilikuwa nampa nafasi."

"Ya kuiba?"

"Ya kutoiba," Séverine alisema. Akaichukua kompyuta kutoka mikononi mwa mwenzake, akaifungua, akainamisha kioo mpaka kikaonekana juani, akasoma saa ya Kalemie, akaihesabu mwenyewe.