Kaa Arobaini na Haraka Zangu

Jumatatu, 3 Juni
Daktari katuita ofisini, mimi na Taratibu. (Si jina lake. Nimembandika mimi, kwa jinsi anavyopima kila kitu mara mbili.) Ijumaa wageni wanakuja kuona maabara. Kila mmoja wetu kapewa viluwiluwi arobaini wa kaa, wadogo kama chembe za mchanga. Atakayewavusha salama hatua moja ya ukuaji atabaki kwenye utafiti. Mwingine atarudi kuosha chupa. Nimeosha chupa miaka sita! Mikono inanuka sabuni hata siku za mapumziko.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma. Kumbe jambo lenyewe jepesi. Ndani ya kiini cha seli ya kaa kuna kipokezi, kimekaa kinangoja homoni. Homoni ikifika vinashikana, kisha kipokezi kinaziamsha jeni: vua gamba, kua! Daktari kaagiza tone moja la homoni kwa kila tangi. Tone moja, kama dawa ya macho! Saa ya chakula nikajifanya natafuta kalamu, wenzangu wakatoka. Matone matatu. Jioni nikamsimulia mke wangu. Akauliza, "Baba watoto, na wakiamshwa kabla ya kumaliza usingizi?" Nikamwambia haya ni mambo ya seli.

Jumatano, 5 Juni
Wanane wamejivua gamba! Wa Taratibu, hata mmoja. Nikapita mezani kwake mara nne bila shughuli yoyote. Mara ya tano nikapiga mluzi. Yeye anaandika tu. Nikampigia simu mama mkwe, kumwarifu kwamba mkwewe anakaribia kuwa mtu. Akasema afadhali.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Thelathini na mmoja wamekufa. Wamekwama nusu ndani, nusu nje, kama mtu aliyenasa kichwa kwenye shati ambalo hakulifungua vifungo. Nimekaa nikiwatazama kwenye hadubini hadi jicho likalia. Labda ni jicho tu.

Taratibu akaja, akachungulia. Akasema kwa upole kwamba homoni ikizidi, amri ya kujivua hufika kabla mwili mpya haujawa tayari. Tena ni lazima homoni ishuke kwanza, ndipo gamba litoke vizuri. Akaniuliza niliweka matone mangapi. "Mwambie Daktari ukweli, kaka. Hasira yake haizidi dakika mbili." Nikasema moja.

Mchana nikahamisha karatasi za majina. Taratibu kawagawa wake kwenye matangi mawili. Nikachagua lile ambalo ndani yake wote ishirini wanaogelea kwa raha. Langu nikambandikia yeye. Roho ilinisuta kidogo, ikaacha.

Ijumaa, 7 Juni
Wageni sita. Nikaeleza kipokezi kwa mikono miwili, koti likanibana kwapani. Daktari akainama kwenye hadubini. Hakuna hata mmoja aliyejivua! Kumbe lile ni tangi la kulinganishia. Taratibu hakulitia homoni kabisa. Ishirini wa tangi lake jingine wamevuka wote, wazima wa afya.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaenda moja kwa moja kwa maiti zangu. Uso ukamng'aa! Akasema vifo vya aina hii ndivyo anavyovichunguza, na angemhitaji sana aliyevisababisha, mradi ajue kiasi cha homoni. Daktari akaligeuza tangi. Chini, kwa wino, namba yangu ya kazi, niliyoisahau nilipohamisha karatasi. Taratibu akanikanyaga mguu. Akanikanyaga tena.

"Matone mangapi?" Daktari akauliza.

"Moja," nikasema.

Yule mama akafunga daftari lake polepole. Basi, akasema, itakuwa chupa haikuoshwa vizuri.

Chupa zote za maabara hii nimeziosha mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi kwenye beseni. Taratibu kaniletea chai, akasema akipata nafasi atanifundisha kupima. Nimeshukuru, lakini sihitaji. Kosa nimeshaligundua mwenyewe: kaa si mnyama wa kuaminiwa. Chumba cha pili kuna viluwiluwi wa chaza, wametulia, wanangoja wiki nzima ndipo wajishike kwenye jiwe. Wiki nzima! Nao wana vipokezi. Nimeuliza ufunguo wa chumba hicho anao nani. Nimeambiwa anao mfagizi, na mfagizi ni shemeji yangu.